Kifaa cha kunusa samaki kinachouzwa huku Kirumba: ndani kuna nini hasa?

#1 FundiMizani

Mwangaluka wakuu.

Kwenye magrupu ya wafanyabiashara wa samaki hapa Mwanza linazunguka tangazo la kifaa cha mkononi, wanakiita pua ya kielektroniki. Unakisogeza karibu na sangara, kinatoa namba na rangi: kijani mzima, nyekundu kaharibika. Muuzaji anadai ndani kuna "utando mwembamba wa nano". Watu wananiuliza mimi kwa sababu kazi yangu ni mizani: nazifungua, natoa magamba na chumvi, nazirudisha kwenye sifuri. Nimeona nijibu hapa badala ya kumjibu kila mtu pembeni.

Msimamo wangu nautaja mapema. Utando wa kunasa mivuke upo, sayansi yake ni ya kweli na si ya jana. Ila utando ni mizani, na mizani haijui kama umeweka mchele au kokoto. Mtu akikuuzia mizani kwa maelezo kwamba inautambua mchele, una haki ya kumbana.

Nikisema mizani sitanii. Chukua redio ya zamani au bodi ya kompyuta iliyokufa, utakuta kikopo kidogo cha bati kinachong'aa kimeandikwa 8.000 au 10.000. Kisage ukingo kwa tupa taratibu mpaka mfuniko uachie. Ndani kuna kisahani cha kwatzi, aina ya jiwe gumu, kinachopitisha mwanga, upana milimita nane hivi, kimepakwa fedha katikati pande zote mbili na kimeshikwa na vijiwaya viwili pembeni. Usikiguse kwa kidole, mafuta ya ngozi tu yanatosha kukiharibia hesabu. Kikipata umeme kinatetemeka mara milioni 10 kwa sekunde bila kuyumba.

Mwaka 1959 Mjerumani Günter Sauerbrey alionyesha kwamba ukikiongezea kisahani hicho uzito, mtetemo wake unapungua kwa uwiano na uzito ulioongezwa. Kwa kisahani hicho, yaani kristali, cha megahezi 10 (mitetemo milioni 10 kwa sekunde), mtetemo ukishuka hezi 1, yaani mtetemo mmoja kwa sekunde, ujue kumeongezeka nanogramu 4.4 kwa kila sentimita ya mraba. Nanogramu ni sehemu ya bilioni ya gramu. Chembe moja ya mchanga laini, ya upana wa sehemu ya kumi ya milimita, ina zaidi ya nanogramu 1,000. Mimi niliyezoea kugombana na watu juu ya gramu 50 za dagaa, hiyo kitu iliniondolea usingizi.

Kwatzi tupu hainasi mvuke wa maana. Mwaka 1964 Mmarekani William King akaipaka vitu vya jamii ya mafuta na polima (minyororo mirefu ya molekuli, kama plastiki na mpira), kiasi chembamba kabisa. Mvuke ukipita unayeyukia ndani ya ule utando, kristali inakuwa nzito, mtetemo unashuka. Mvuke ukiondoka utando unautoa, na mtetemo unapanda tena. Huo ndio moyo wa habari yote, mengine ni mapambo.

Kuna mteja hapa na mizani yake, nitarudi.

#2 SitiYaMbele

Nimekaa. Endelea fundi.

#3 KijanaWaBuzuruga

Siku hizi kila kitu nano. Juzi nimeuziwa dawa ya meno ya nano.

#4 MamaMapanki

Fundi salama? Mimi nipo Mwaloni, soko la samaki hapa Kirumba, nauza mapanki (mifupa ya sangara baada ya minofu kutolewa) na kayabo (sangara wa chumvi), sangara mbichi nachukua nikipata. Navyojua mimi, unafunua shavu unaangalia wekundu, unabonyeza mgongo, kidole kikiacha shimo lisilorudi unamwacha mwenye samaki na samaki wake. Sekunde tatu. Hicho kifaa kinanizidi nini? Na bei niliyotajiwa ni ya tenga zima.

#5 FundiMizani

Salama mama, shikamoo.

Kwa samaki aliye mkononi mwako hakikuzidi kitu, na sitakudanganya. Pua ya binadamu inaikamata trimethilamini, ile harufu yenyewe ya samaki, ikiwa hewani hata chini ya sehemu moja katika milioni. Vifaa vingi vya bei hiyo haviifikii pua yako.

Kifaa kinaweza kufaa pale pua haipo: ndani ya boksi la minofu lililofungwa, kwenye gari la barafu linalosafiri usiku kwenda Dar, ghalani wikendi. Halafu pua inachoka. Ukishinda Mwaloni kutwa, saa nane mchana hata wewe hunusi tena kama ulivyonusa alfajiri. Mashine ya namna hii nayo inachoka, nitafika huko.

Nimalizie aina nyingine. Nyingine haipimi uzito, inapima umeme. Unachanganya polima isiyopitisha umeme na masizi ya kaboni, unapaka kati ya nyaya mbili. Masizi yanagusana, umeme unapita. Mvuke ukiingia polima inavimba, chembe za masizi zinaachana, ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita, unapanda. Kundi la Nathan Lewis kule Caltech, Marekani, ndilo lililoisukuma sana njia hii miaka ya 1990. Na kuna polima ambazo zenyewe zinapitisha umeme. Ugunduzi huo ni wa 1977, wa Shirakawa, MacDiarmid na Heeger, wakapewa Nobeli ya kemia mwaka 2000. Hizo mvuke wa amonia ukizifikia, umeme unabadilika bila masizi yoyote.

Ya mwisho inabadili rangi. Hiyo namwachia Ticha, najua yupo humu anasoma kimya kimya.

#6 Dogo_Igombe

Swali la kizembe: kwa nini lazima uwe mwembamba? Si ukiupaka mnene utanasa mwingi zaidi?

#7 FundiMizani

Sio la kizembe. Mnene unanasa mwingi kweli, ila mvuke lazima utembee mpaka ndani, na muda wa kutembea unapanda kwa mraba wa unene. Unene mara 10, muda mara 100. Utando wa sehemu ya elfu ya milimita unajaa kabla hujapepesa jicho. Uufanye mnene mara 100, subira ni mara 10,000, na kutoka ni vivyo hivyo. Hapo samaki wa kwanza hajatoka kwenye utando na wa pili umeshamweka.

#8 TichaWaKemia

Nimeitwa, nimekuja.

Kwanza jambo ambalo watu wa ziwa hili wanastahili kulijua. Vitabu vinasema harufu ya samaki inatokana na trimethilamini oksaidi iliyomo kwenye nyama, bakteria wakiigeuza inakuwa trimethilamini. Na vinasema oksaidi hiyo ni ya samaki wa baharini, wale wa maji baridi karibu hawana. Lakini utafiti uliofanyiwa sangara na sato wa ziwa letu hili mwishoni mwa miaka ya 1980 ulikuta miligramu 150 hadi 200 katika kila gramu 100 za samaki mbichi. Kwa hiyo sangara ni kichwa ngumu hata kwa kemia.

Sasa msije mkakimbilia kusema basi kifaa cha kunusa amini, yaani jamii ya hiyo trimethilamini, kitamkamata. Samaki wa maji baridi akikaa kwenye barafu, bakteria wanaotawala mara nyingi ni wa jamii ya Pseudomonas, na hao hawaigeuzi ile oksaidi. Wanatoa harufu nyingine: ya matunda yaliyopitiliza, na ya salfa. MamaMapanki ananielewa, ule utamu utamu mbaya unaousikia kwenye sangara aliyelala sana kwenye barafu. Kifaa kilichofundishwa amini peke yake kinaweza kumpita samaki huyo kikiwa kijani kabisa.

Kuhusu rangi: polianilini, mojawapo ya zile polima zinazopitisha umeme, ikiwa ya kijani ikikutana na amonia inageuka bluu, unaona kwa macho. Na mwaka 2000 Suslick na mwenzake Rakow kule Illinois walipanga madoa ya rangi za jamii ya pofirini, ndugu wa kile kinachofanya damu iwe nyekundu, kila mvuke ukaacha mchoro wake wa rangi. Karatasi, skana ya kawaida, basi.

#9 MamaMapanki

Mwalimu huo utamu mbaya naujua sana. Sangara wa namna hiyo shavu bado lina wekundu, ukimla ndio unajuta.

#10 UlayaSioMbali

Nyie kazi yenu kupinga tu. Pua za kielektroniki zipo tangu 1982. Persaud na Dodd pale Warwick, Uingereza, walitumia sensa (vihisi) tatu tu, hakuna hata moja iliyokuwa inatambua kitu kimoja peke yake, lakini ukiziangalia kwa pamoja zikatofautisha harufu. Hata pua yako haina mlango mmoja wa samaki na mwingine wa ndizi. Kwa hiyo hiyo hoja ya mizani na mchele imekufa, fundi. Weka mizani nne, kila moja na utando wake, soma mpangilio wa namba.

#11 FundiMizani

Hoja nzuri, na ndivyo wanavyofanya watu makini. Ila ngoja nikuonyeshe shimo lilipo, na liko hapa hapa ziwani.

Hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 80 ina molekuli za maji zaidi ya 25,000 katika kila milioni. Asubuhi ya masika pale Kirumba hiyo ni hewa ya kawaida tu. Harufu ya samaki unayoitafuta ni molekuli chache katika milioni, mara nyingine pungufu ya moja. Maji yanaizidi maelfu ya mara. Upepo ukigeuka ukatoka ziwani, unyevu ukapanda kwa asilimia tano, mizani zako zote nne zinasogea kwa kiasi kikubwa kuliko ambavyo samaki angezisogeza. Na kila moja inasogea kwa kiasi chake, kwa hiyo unapata mpangilio mpya mzuri tu ambao mashine itausoma kama harufu fulani.

Utasema weka utando usiopenda maji. Sawa, upo. Mpira wa silikoni maji hauyataki kabisa. Toluini ya kwenye thina inajikusanya humo mara mamia mpaka elfu hivi kuliko ilivyo hewani. Kwa ujumla mvuke wa kitu kinachochemka kwenye joto kubwa ndio unaojaa sana, kwa sababu unapenda kutulia. Trimethilamini inachemka kwenye nyuzi 3. Haitulii. Inapita juu ya silikoni kama haipo.

Ili uishike unahitaji utando wenye asidi, uishike kwa kemia. Na utando wenye asidi unapenda maji. Hapo ndipo watengenezaji wote wanapokwama: anayeyakataa maji anaikataa na amini, anayeikaribisha amini ameyakaribisha na maji. Halafu asidi ikiwa kali mno inaishika amini isiiachie, kifaa kinatumika mara moja kinabaki nyekundu. Ikiwa laini, hainasi. Watu wanakesha maabara kutafuta ile ya katikati.

Na joto nalo. Hewa ikipanda nyuzi 10, utando unashika pungufu kwa theluthi hivi kwa mivuke mingi. Toka kivulini ingia juani uone.

#12 UlayaSioMbali

Sasa si unaweka na sensa ya unyevu pembeni, unatoa hesabu ya maji? Mbona rahisi.

#13 FundiMizani

Inafanyika, na kifaa ambacho hakina hiyo hakistahili hata kuangaliwa. Lakini unatoa namba kubwa kutoka namba kubwa ili kubaki na ndogo sana. Kosa la asilimia moja kwenye ile kubwa linameza ndogo nzima. Ni sawa umpime mtu akiwa ndani ya lori, kisha upime lori tupu, ili ujue uzito wa simu yake.

Njia bora ni kuikausha hewa kabla, au kuvuta hewa kupitia kichujio ili utando uone hewa safi yenye unyevu ule ule, kisha hewa ya samaki, kisha safi tena. Unasoma tofauti. Hiyo inataka pampu, vali, betri ya maana. Kifaa cha tangazo hakina hata tundu la kuvutia hewa.

Na bado hatujagusa jasho. Ukikitoa kifaa kwenye chumba cha barafu ukakiingiza kwenye hewa ya nje, maji yanajikusanya juu yake kama yanavyojikusanya kwenye chupa ya soda baridi. Tone la upana wa milimita moja tu ni nanogramu malaki.

#14 Mvuvi_wa_Ukara

Sisi hatuna barafu huku, lakini swali. Kwenye banda la mwalo tunahifadhi petroli ya mashine za boti, madumu yamejazana. Usiku watu wanawasha vibatari. Huo utando unaweza kutoa taarifa petroli ikivuja?

#15 FundiMizani

Mkuu, hapo ndipo utando unapong'ara. Kama ningekuwa na mtaji, samaki ningewaacha nikatengeneza hiyo.

Sababu: mivuke ya petroli na mpira ni marafiki, maji na mpira ni maadui. Unyevu wa ziwa hausumbui sana. Petroli inawaka ikifika kama asilimia 1.4 ya hewa, yaani sehemu 14,000 katika milioni. Utando wa masizi na mpira unaona mapema sana kabla ya hapo, na dumu likifungwa unajisafisha wenyewe. Hauhitaji kupashwa moto, na kwenye banda la petroli hiyo ni nafuu kubwa. Kifungwe chini karibu na sakafu, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini.

Na vibatari muvitoe humo leo leo, msisubiri sensa.

#16 Mchimbaji_Geita

Vipi zebaki? Huku watu wanachoma dhahabu kwenye bati nyuma ya nyumba, watoto wanacheza hapo hapo.

#17 TichaWaKemia

Zebaki haitaki utando wa polima, inataka dhahabu yenyewe. Kuna vipimo vyenye utando mwembamba wa dhahabu: mvuke wa zebaki unaungana nayo, ukinzani unapanda, unasoma. Kikishiba unakipasha moto zebaki inatoka, kinaanza upya. Yaani ni kile kile mnachofanya kwenye bati, kwa kipimo cha maabara.

Mvuke wa zebaki hauna harufu wala rangi, kwa hiyo kusema "mbona hatusikii kitu" hakuna maana. Kichomeo cha kufunga kinachorudisha zebaki kwenye maji kipo na hakina teknolojia kubwa. Watoto waondoke hapo hata kabla ya hicho.

#18 KijanaWaBuzuruga

Kwani si tuna panya Morogoro? Wale wa mabomu. Wapewe samaki.

#19 TichaWaKemia

Unacheka lakini ni mfano mzuri. Panya buku wa shirika la APOPO pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine, wanafundishwa kunusa baruti iliyozikwa, na wengine makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Magawa, aliyezaliwa Tanzania akafanya kazi Kambodia, alipewa medali ya dhahabu ya PDSA, shirika la hisani la wanyama la Uingereza, mwaka 2020. Aligundua mabomu 71 ya ardhini.

Na kwenye kazi hiyo hiyo ya baruti, utando umewahi kufanya maajabu. Timothy Swager wa chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1998 alionyesha polima inayong'aa kwa mwanga wa urujuani, ambayo molekuli moja ya TNT, baruti ya mabomu, ikitua popote kwenye mnyororo wake, mng'ao wa sehemu kubwa ya mnyororo unazimika. Fundi, hiyo sio mizani tena. Mizani inahesabu molekuli moja kama moja. Hii moja inazima mamia. Ikatengenezewa kifaa cha mkononi kilichotumiwa na wanajeshi.

Ila kilitengenezwa kwa ajili ya baruti. Ukitaka cha samaki, unarudi maabara kuanza na polima nyingine.

#20 FundiMizani

Nakubali ticha, hiyo ya Swager mizani haiingii.

#21 Mkerewe_Halisi

Niulize pembeni ya mada. Ziwani kuna mahali maji yanatulia kama kioo, pembeni yake vijiwimbi vinacheza. Wazee wanasema mengi. Je ni utando?

#22 TichaWaKemia

Mara nyingi ndiyo. Mafuta ya viumbe wa majini yanatandaa juu yakiwa unene wa molekuli moja tu, kama nanomita 2 (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita), na hayo yanatosha kuua vijiwimbi. Hayana rangi. Zile rangi za upinde wa mvua unazoziona penye mashine za boti ni utando wa mafuta ulio mnene zaidi, mamia ya nanomita.

Benjamin Franklin aliandika mwaka 1774 jinsi kijiko kimoja cha mafuta kilivyotuliza nusu eka ya bwawa la Clapham, London. Baadaye Agnes Pockels, msichana wa Kijerumani aliyenyimwa chuo kikuu, akapima utando huo nyumbani kwao. Barua yake ilichapwa kwenye jarida la Nature mwaka 1891. Wanasayansi wa Marekani Irving Langmuir na Katharine Blodgett wakaja kujenga juu ya hapo: unachovya kioo kwenye maji yenye utando, unakitoa, kinabeba tabaka moja. Unachovya tena, la pili. Hadi leo ni njia mojawapo ya kutengeneza sensa za mivuke zenye unene unaohesabika kwa tabaka. Kwa hiyo hujatoka nje ya mada hata kidogo.

#23 MwanafunziNyegezi

Shikamoo mwalimu. Nataka kufanya mradi wa hii kitu lakini sina maabara. Kuna namna ya kuanzia nyumbani?

#24 TichaWaKemia

Marahaba. Ipo. Polianilini achana nayo, anilini ni sumu na inapita kwenye ngozi.

Tumia rozela. Chemsha iliyokauka kwenye maji machache mpaka yawe mekundu mazito, chuja, acha yapoe. Pika wanga wa muhogo na maji huku unakoroga mpaka uji uwe angavu, weka matone ya glisarini ili usije ukavunjika ukikauka. Uji ukipoa kidogo changanya na maji ya rozela, mimina kwenye sahani bapa ya plastiki, tandaza uwe mwembamba kadiri unavyoweza, weka kivulini mbali na jiko la mkaa. Ukikauka unabandua karatasi nyekundu laini. Kata vipande. Kimoja kitundike ndani ya chupa yenye tone la amonia ya kusafishia vioo, funga. Wekundu unaanza kuchafuka kuelekea zambarau, kisha bluu ya kijani, kuanzia kwenye kingo.

Sasa fanya hivi, na hapa ndipo mradi wako utakuwa na maana. Kausha kipande kingine kabisa, kiweke kwenye chupa kavu yenye amonia kidogo. Utakuta kinachelewa sana, maana rangi inahitaji maji ndani ya utando ili asidi na besi zikutane. Chora jedwali la muda dhidi ya unyevu. Fundi amelisema hilo kwa maneno, wewe utalionyesha kwa rangi. Pima na kipande ambacho hakijawekewa chochote, mwanga nao unaiua rangi ya rozela.

#25 MwanafunziNyegezi

Asante sana mwalimu. Glisarini ni hii ya dukani ya kupaka?

#26 TichaWaKemia

Hiyo hiyo, ila iwe haina manukato. Soma kibandiko.

#27 SitiYaMbele

Mwaka 1999 Ulaya walifunga soko la samaki wa ziwa hili kwa ajili ya sumu ya kuvulia, wazee wanakumbuka. Kifaa kama hiki kingewakamata wale?

#28 TichaWaKemia

Hapana. Viuatilifu vya aina ile havipai vya kutosha kufika kwenye utando, vinabaki kwenye nyama na mafuta. Hivyo vinatolewa kwa kiyeyushi na kupimwa kwenye mashine kubwa za maabara. Mtu akikuambia kifaa chake kinanusa sumu ya kuvulia, ondoka.

#29 MamaMapanki

Fundi, muuzaji kaja leo mezani kwangu. Sangara wa barafu kijani. Mapanki ya jana nyekundu. Watu wakapiga makofi. Mimi nikakichukua nikakihemea kwa mdomo, nyekundu kuliko ya mapanki. Anasema ni chai niliyokunywa.

#30 FundiMizani

Chai ya rangi haina makosa mama. Pumzi ya mtu imejaa maji karibu kiasi chote ambacho hewa ya joto lile inaweza kubeba. Na yule sangara wa barafu alikuwa baridi, harufu haipandi, kwa hiyo kijani chake hakikuthibitisha kitu.

Kesho akirudi mfanyie hili mbele ya hao hao wapiga makofi. Bakuli safi, maji ya bomba ya uvuguvugu, funika kidogo, fungua upenyo uingize kichwa cha kifaa. Maji matupu. Kisha mwambie akiweke mezani, mhesabu muda mpaka kirudi kwenye namba ya mwanzo. Halafu kigusie pale mbele penye wavu mdogo wa chuma, kikiwa kimewashwa muda, uniambie kama kuna joto.

#31 UlayaSioMbali

Joto la nini tena?

#32 FundiMizani

Tusubiri mama.

#33 MamaMapanki

Maji matupu: nyekundu. Kurudi: tumekunywa uji tukamaliza, hakijarudi. Joto lipo, kidole kinasikia vizuri.

#34 FundiMizani

Basi ndani hakuna utando wa nano wala wa babu yake. Hiyo ni oksaidi ya bati inayopashwa na kijiwaya cha umeme, ya ukoo wa ile aliyoibuni Mjapani Naoyoshi Taguchi miaka ya 1960 kwa ajili ya gesi ya kupikia majumbani. Inakula karibu wati nzima kujipasha tu, kwa hiyo betri yake lazima iishe haraka. Kwa mtungi wa gesi jikoni ni kitu kizuri, kifungeni huko. Kwenye maduka ya vipuri vya elektroniki inauzwa peke yake kwa sehemu ndogo sana ya bei ya lile tenga.

UlayaSioMbali, ukipata mwenye kristali nne, pampu na kikausha hewa, mlete Kirumba. Mizani ya kumlinganisha nayo ninayo.